Kadi ya Michoro Inamsubiri Nani?

Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio ya awamu ya tatu ya RTS,S, chanjo ya malaria, kati ya 2009 na 2014. Kwa Tanzania, kituo kingine kilikuwa Bagamoyo. Takwimu za vituo hivyo zilichambuliwa kwa OpenMalaria, programu ya watafiti wa Basel, Uswisi. Hadi 2016 programu hiyo iliendeshwa pia kwenye kompyuta za watu wa kujitolea duniani kote, kupitia mradi wa malariacontrol.net.

Mwenye kadi kali ya michoro hakuwa na nafasi humo. Kazi zilikwenda kwa prosesa, na ukiitazama programu yenyewe utaona kwa nini. OpenMalaria humfuata mtu mmoja mmoja: huyu kaumwa na mbu, yule kapata dawa, wa tatu ana kinga. Hata ndani ya Korogwe, maambukizi ya bondeni na ya vijiji vya milimani hayafanani. Kadi ya michoro inataka kinyume chake. Kwenye kadi za Nvidia hesabu huenda kwa makundi ya 32 yakifuata amri moja. Zikiachana njia, upande mmoja husimama mwingine upite.

Kwa hiyo hata kadi yenye nguvu inaweza kukaa bila kazi. Ukiona inazubaa kwenye Folding@home au Einstein@Home, miradi ya kujitolea inayotumia kadi za michoro, usikimbilie kununua nyingine. Fungua nvidia-smi, amri ya Nvidia inayoonyesha hali ya kadi, usome mambo mawili kwa pamoja: asilimia ya matumizi na kasi ya kadi.

Matumizi yakipanda na kushuka bila kutulia, kadi ina njaa. Mara nyingi BOINC, programu inayopokea kazi za miradi kama Einstein@Home, imejaza kazi kwenye kila kiini cha prosesa, hakuna kilichobaki cha kuilisha kadi. Kwa prosesa ya viini 4, weka kikomo cha 75% cha viini ndani ya BOINC, kiini kimoja kibaki huru. Mimi huanza na hili siku zote, maana halina gharama.

Matumizi yakiwa 99% lakini kasi iko chini, tafuta joto. Kadi ya Nvidia GTX 1060 hujipunguza mwendo ikikaribia nyuzijoto 83, na chumba cha paa la bati Handeni, mchana wa Januari, huifikisha huko upesi. Zima mashine, chomoa waya, chungulia nyuma ya feni: vumbi hujishindilia kati ya vyuma vyembamba vya kupozea, likawa kama kitambaa. Litoe kwa brashi laini huku umeishika feni isizunguke.

Umeme ukikatika, kazi huanza tena pale ilipohifadhiwa mwisho. Folding@home hutoa pointi za ziada kwa kazi inayorudi mapema, hivyo kazi ikichelewa kwa kukatika huko, pointi zinaweza kuporomoka na kadi ikiwa nzima kabisa.

Matumizi na kasi vyote viwili vikiwa juu na kazi bado inachelewa, angalia aina ya hesabu. Kwa usahihi maradufu, GTX 1060 hufanya 1/32 tu ya kasi yake ya kawaida. Hapo draiva mpya haisaidii wala feni. Ihamishie kadi kwenye mradi wa hesabu za usahihi wa kawaida.