"Kani ya Kukata": Istilahi Iliyokosa Shabaha

Katika tafsiri kadhaa za fizikia tulizozihakiki na wanafunzi wetu, kani inayosukuma uso mmoja wa kitu huku uso wa pili ukisukumwa kinyume chake imeitwa "kani ya kukata". Tunaipinga istilahi hii. Kukata ni tokeo, tena la mwisho. Weka kamusi nene mezani, usukume jalada la juu kwa kiganja: kurasa zinateleza moja juu ya nyingine, ubavu uliokuwa wima unakaa upogo, ilhali unene haukubadilika. Hakuna kilichokatwa! Yabisi nayo huenda upogo vivyo hivyo, ila kani ikiondolewa kabla ya kupita kikomo cha unyumbufu, hurejea umbo lake.

Kinachopimwa hapa ni pembe ya upogo huo. Feleji huukinza kwa takriban gigapaskali 80. Mpira haufikii hata 0.01. Mwanafunzi aliyekwisha kufikiria kisu ataielewaje pembe?

Sisi tunapendekeza "kani ya upogo". Tunajua neno lenyewe ni geni kwa wengi wanaojifunzia Kiswahili darasani, lakini lafundishika. Ribiti ikikatika, tutaendelea kusema imekatika.