Wekesa Yupi?

Kwa Wabukusu, mtoto wa msimu wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa mvua ni Wafula au Nafula, wa kiangazi ni Simiyu. Majina matamu. Lakini muuguzi wa kitengo cha figo Bungoma akiandika "Wekesa" na kuishia hapo, hajaandika mtu, ameandika msimu. Ndiyo maana mjuzi wa daftari la wagonjwa huanza na nambari ya kitambulisho, kijiji, simu ya mgonjwa, na simu ya yule anayemleta.

Kisha mizani. Mgonjwa hupimwa kabla ya kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu na tena baada ya saa nne. Kilo iliyoongezeka tangu matibabu yaliyopita ni karibu lita nzima ya maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa. Uzito wa siku hiyo hulinganishwa na "uzito mkavu", yaani uzito wa mtu asiye na maji ya ziada. Hapa ndipo ninapovua kofia: mgonjwa akikonda huku maji yakijaa, mizani husema hakuna kilichobadilika. Muuguzi anayerudi nyuma kurasa kadhaa, akasoma presha na maandishi ya miguu kuvimba, huiumbua mizani hiyo.

Mashine zilienea kaunti nyingi baada ya mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2015, na NHIF, bima ya afya ya taifa wakati huo, ikawa inalipia matibabu mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo siku ya zamu ya mgonjwa, tuseme Alhamisi, ikipita bila alama mbele ya jina, simu hupigwa. Nauli imekosekana? Yuko kwa dada yake Kitale? Amefariki? Safu ya walioondoka ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo wavivu huiruka. Aliyehama bila kufutwa huhesabiwa mara mbili. Aliyekufa bila kuandikwa huwekewa nafasi ambayo mwingine anaililia. Ulaya walianza kukusanya hesabu zao za wagonjwa wa figo pamoja mwaka 1964, na safu hiyo wanayo.

Wanaohitaji kupandikizwa figo nao wana mstari wao: kundi la damu, ndugu aliyejitolea, vipimo vimefika wapi. Bila mstari huo, kaka aliye tayari hubaki habari ya nyumbani tu, na Eldoret, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, hakuna anayemjua.

Ukimhamisha mgonjwa wako kutoka Bungoma kwenda Kitale, tafadhali muage muuguzi kwanza. Ana jina la kuhamisha.