Simu Mkononi, Ndugu Mbali: Kukisoma Digital Minimalism Ughaibuni

Kitabu cha Cal Newport, Digital Minimalism, kilichotoka mwaka 2019, kimewafikia wasomaji wengi waliochoshwa na simu janja zao. Hoja yake ni nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: mtu aweke kando kwa siku 30 kila programu isiyo ya lazima, ajikumbushe mambo anayoyathamini, kisha arudishe zile tu zinazoyatumikia mambo hayo, tena kwa masharti. Newport, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Georgetown, aliwaalika wasomaji wake walijaribu zoezi hilo, na zaidi ya watu 1,600 wakajitokeza.

Ubora wa kitabu umo kwanza katika kukataa kumlaumu mtumiaji peke yake. Newport anaeleza kwamba wenye mitandao wanautumia udhaifu wa binadamu wa namna mbili: kuvutwa na tuzo isiyotabirika, na kiu ya kukubaliwa na wenzake. Anayefungua simu hajui kama atakuta kitu au patupu, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha. Alama ya kupenda, iliyoingia Facebook mwaka 2009, iliikusanya mitego yote miwili katika kitufe kimoja. Ndiyo maana kuzima arifa mbili tatu hakumwokoi mtu. Anahitaji msimamo kuhusu maisha anayoyataka. Hapa mwandishi anashawishi.

Kasoro yake inajitokeza pale anapopima kipi ni cha lazima. Baadhi ya washiriki walitaka kubaki na WhatsApp kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuwasiliana na marafiki walio ng'ambo. Newport anajibu kwamba aghalabu uhusiano wa namna hiyo unaweza kustahimili mwezi mmoja wa mawasiliano haba. Kwa Mswahili aliyeko Muscat, Leicester au Minneapolis, jibu hilo linasomeka kama limeandikiwa mtu ambaye nyumba ya mama yake iko mtaa wa pili. Urafiki hustahimili; msiba haungoji. Maiti wa Kiislamu aghalabu huzikwa siku ileile, na habari yake, kisomo chake na mchango wake hupitia kundi la familia. Asiyeonekana humo hadhaniwi kuwa yumo katika zoezi la siku 30; husemwa kwamba amewatupa wenzake. Kwa watu hawa simu ndiyo baraza, na ndiyo mlango wanaopigiwa hodi.

Hata hivyo, utetezi huu una unafiki wake, na kitabu kinaufichua bila kuutaja. Aliyefungua simu saa nne usiku ili amsikilize shangazi, akaifunga saa nane baada ya kutazama video za watu asiowajua, hawezi kudai kwamba ni shangazi aliyemkesheza. Ujumbe wa shangazi ulikuwa wa dakika mbili. Yaliyobaki yalijipenyeza kwa jina lake. Penye ndugu wa kweli ndipo uraibu unapopata kisingizio kizuri kuliko vyote, na kwa hiyo ughaibuni ni vigumu zaidi kuuvunja.

Sura yenye faida kubwa ni ile inayotenganisha mazungumzo na mguso wa kupita. Kwa Newport, kubofya alama na kutumiana maneno mafupi si kuzungumza. Mazungumzo yanataka sauti au uso, hata kwa njia ya simu. Anapendekeza mtu awe na saa maalumu ambayo wote wanajua atapatikana. Ushauri huu unawafaa walio mbali kuliko mtu yeyote. Minneapolis iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa 8 au 9, kutegemea majira, na pasipo miadi kila mmoja humpigia mwenzake aliyelala. Miadi ya Jumamosi, asubuhi huku na jioni kule, inampa mama sauti nzima ya mwanawe badala ya vikatuni vya nyuso siku saba.

Lakini mgawanyo huo nao una pengo: ujumbe wa sauti. Si mazungumzo kamili, kwa kuwa wawili hawapo kwa wakati mmoja. Wala si maandishi, kwa kuwa umebeba pumzi, kikohozi, jogoo wa jirani na salamu zinazomtaja kila mtu wa nyumba. Kwa Waswahili wengi huo ndio mrithi wa barua. Kanuni isiyoutambua itamfanya msomaji atupe nafaka pamoja na makapi.

Basi kitabu kisomwe, ila swali lake ligeuzwe. Badala ya kuuliza ni programu gani anaweza kuishi bila yake, aliye mbali na kwao aulize: ni nani humu angetambua kwamba nimenyamaza? Wanaotambua wabaki, wapewe saa yao na sauti yake. Waliosalia wanaweza kuondoka leo, wala hapatakuwa na matanga.