Kristo wa Murang'a na Kuta za Sharika Zetu

Yako mambo ambayo mtu huyaona ugenini ndipo atambue upungufu wa nyumbani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwangu niliposimama mbele ya michoro mitano ya ukutani katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya. Mchoraji wake ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mtoto wa mlima wetu huu, aliyesomea sanaa Makerere. Aliifanya kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Kuna Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Bwana, Gethsemane na Msalaba. Watu wake ni Waafrika, na mandhari ni ya nchi ya Wakikuyu.

Wako wasemao kwamba Yesu alikuwa Myahudi, hivyo kumchora Mwafrika ni kupotosha historia. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa tukimfanya Kristo kuwa wetu peke yetu tumeipoteza Injili. Lakini mbona hatuitumii kuzipima picha za Kizungu zilizotundikwa makanisani mwetu? Cranach naye, katika madhabahu ya Wittenberg ya mwaka 1547, alimketisha Luther mezani pamoja na mitume. Je, sisi Walutheri tulimshtaki?

Hata hivyo, kubadili rangi ya ngozi hakutoshi. Njau, aliyeshiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa Ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, alifundisha kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Picha ya Kizungu iliyopakwa rangi nyeusi bado ni kuiga.

Nguvu ya Murang'a iko kwingine. Kanisa lile ni kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, mikononi mwa Wakikuyu wenzao. Basi Msulubiwa mwenye sura ya watu wa nchi ile ana sura ya aliyeuawa, na pia ya aliyeua. Hakuna upande uwezao kumdai kuwa wake. Hapo theolojia ya msalaba huacha kuwa somo la darasani tu.

Ninyi wanafunzi, kesho mtaketi na mabaraza ya wazee kupanga ujenzi wa makanisa. Ulizeni kwanza: ni jeraha gani la usharika huu litakalotazamana na msalaba ule ukutani? Swali hilo lijibiwe kabla mchoraji hajaitwa.