Zimwi Likujualo: Mtoto na Baba katika Mchezo wa Papo & Yo

Methali isemayo "zimwi likujualo halikuli likakwisha" hutumika kumliwaza mtu avumilie dhara alilolizoea. Mchezo wa video uitwao Papo & Yo, uliotolewa mwaka 2012 na studio ndogo ya Minority ya mjini Montreal, Kanada, unaweza kusomwa kama hoja dhidi ya liwazo hilo. Mbunifu wake, Vander Caballero, mzaliwa wa Kolombia, ameeleza waziwazi kwamba hadithi hiyo imetokana na utoto wake chini ya baba mlevi.

Msuko ni mwepesi. Quico, mtoto aliyejificha kabatini akimkwepa babaye, anaona alama ya chaki ukutani na kupitia humo anaingia katika mtaa wa mabanda wa Amerika ya Kusini, ambako nyumba husogezwa kama vitu vya kuchezea. Huko anaandamana na zimwi kubwa. Linapokuwa shwari, zimwi hufuata matunda kwa upole. Likilala, Quico hulirukia tumboni ili afikie mapaa ya juu. Lakini likimla chura, huwaka moto, humkamata mtoto na kumrusha huku na huko. Chura ni ishara ya chupa.

Ufanisi wa kazi hii umo katika fani yake. Quico hafi, hata arushwe mara ngapi. Katika michezo mingi kifo ndicho adhabu, na baada yake mambo huanza upya. Hapa mtoto huinuka na kulirudia zimwi lile lile, kwa kuwa pasipo nguvu zake njia haipitiki. Mchezaji naye hujikuta akipeleleza kila chura, akipanga matunda, akipima hasira kabla haijafika. Hiyo ndiyo kazi ya mtoto anayenyanyaswa kihisia: kuisoma hali ya mtu mzima usiku na mchana. Hakuna maelezo ya mdomo ambayo yangeifikisha hali hiyo kwa uzito huo.

Hata hivyo, ishara ya chura ina kasoro. Kwa kuiweka hasira yote ndani ya chura, mchezo unamtenga baba na matendo yake, kana kwamba pasipo kileo pasingekuwa na dhara. Wapo wazazi wanaovunja mioyo ya watoto wao bila kuonja tone.

Mwisho unarekebisha kasoro hiyo kwa kiasi. Safari nzima inaongozwa na tumaini kwamba mganga ataliponya zimwi. Quico anapofika, anatambua kwamba tiba haipo, na kwamba limebaki jambo moja tu: kuliachilia lianguke. Kwa msomaji aliyelelewa Uswahilini, ambako radhi ya mzazi ni jambo zito, tendo hili halisomeki kwa wepesi. Linaweza kuonekana kama ukaidi. Lakini Quico halipizi kisasi wala hamchukii babaye. Anachokitua ni mzigo ambao haukuwa wake tangu mwanzo, yaani wajibu wa kumponya aliyepaswa kumlea. Methali inaahidi kwamba zimwi litabakisha kitu. Mchezo unauliza ni mtoto gani anayepaswa kuishi kwa makombo ya nafsi yake mwenyewe.