Ufundi wa Kupekua Kamusi

Kitenzi cha Kijerumani nachschlagen, ambacho hujifunzwa katika Goethe-Institut jijini Nairobi na katika Shule ya Kijerumani iliyo kando ya Barabara ya Limuru, si mbali na mtaa wa Kitisuru, kina maana mbili zinazoonekana kutohusiana: kutafuta jambo katika kitabu cha marejeo, na kumfuata mzazi kwa sura au tabia. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba zote mbili, kwa hiyo mfasiri atasema kutafuta, kurejelea au kupekua pale panapohusu kitabu, na kumfuata mzazi pale panapohusu mtoto. Hata hivyo, anayeifahamu vyema kazi ya kupekua kamusi ya Kiswahili hugundua kwamba maana hizo mbili hazikuachana sana.

Kupekua ni ufundi kwa sababu neno linalosomwa si lazima liwe neno linalotafutwa. Katika sentensi ya Kijerumani, nachschlagen huweza kukatika, schlägt likabaki mwanzoni na nach ikasukumwa hadi mwisho, na mwanafunzi asipoziunganisha hawezi kukifikia kidahizo, yaani neno lililoorodheshwa ili lifafanuliwe. Kiswahili nacho hudai kazi kama hiyo. Anayekutana na wasingalitutafutia akaenda moja kwa moja kwenye herufi W atarudi mikono mitupu, kwa kuwa ni sharti kwanza aondoe wa- ya watenda, si- ya ukanushi, ngali- ya masharti na tu- ya watendewa, kisha aitambue -i- ya kauli ya kutendea, ndipo abaki na tafuta. Katika nomino, ndimi humpeleka kwenye ulimi, na meno kwenye jino. Hivyo sarufi hutangulia, kamusi ikafuata. Anayelipata neno amekwisha kulichambua, hata kabla hajasoma maana yake.

Watunga kamusi nao wamekuwa na njia tofauti za kumpokea mpekuzi. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliacha kamusi iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, ambayo msingi wake ulikuwa Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, ikijengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, iliziweka nomino nyingi chini ya vitenzi vilivyozizaa, hivi kwamba anayetafuta msomaji huelekezwa kwa soma, na huko humkuta pamoja na ndugu zake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoka mwaka 1981, hufuata alfabeti kwa ukamilifu zaidi, kila nomino ikisimama mahali pake, jambo linalomfaa mwenye haraka ingawa huutawanya ukoo wa neno katika kurasa zilizo mbalimbali.

Hapo ndipo maana ya pili ya kitenzi cha Kijerumani inaporejea, kwa sababu kutafuta neno katika mpangilio wa Johnson ni kumtafuta mzazi ambaye neno hilo limemfuata. Ujuzi huo hauishii katika lugha moja. Mtaa wa Kitisuru, jirani wa Shule ya Kijerumani, umepakana na maeneo ya Kabete yenye wazungumzaji wengi wa Kikuyu, lugha ambayo nayo hupachika viambishi mbele ya mizizi, na mwanafunzi anayeona jinsi mũthomi, yaani msomaji, anavyotokana na gũthoma, yaani kusoma, ana nyenzo ya kumwezesha kuvuka kutoka msomaji hadi soma bila kuelekezwa.

Simu ya mkononi imeipunguza kazi hiyo, kwani programu nyingine hulipokea neno likiwa na viambishi vyake vyote na kutoa maana papo hapo. Huduma hiyo ina manufaa, lakini humpa mtumiaji jibu bila kumwonyesha njia, na neno jipya lenye mzizi uleule likija kesho atauliza upya. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anayetenga kipindi kizima kwa kupekua, akawapa wanafunzi maneno yaliyonyambuliwa na kuwataka wataje kidahizo kabla ya kufungua ukurasa wowote, hapotezi muda wa somo: anawafunza sarufi, msamiati na historia ya maneno kwa zoezi moja.