Usafi Hauporwi: Juu ya Kitabu cha Kwanza cha Mji wa Mungu

Hofu ikiingia katika nchi, watu huuliza maswali mawili. La kwanza huulizwa kwa sauti: Mungu alikuwa wapi? La pili hunong'onwa tu, nalo lahusu wale waliotendwa mabaya: Je, hawa ni safi bado kama sisi? Lile la kwanza wahubiri wengi wamelijibu. La pili wengi wameogopa kuligusa. Kwa hiyo twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kitabu kimoja cha zamani kilichothubutu kuyajibu yote mawili, nasi tutasema wazi mahali kilipofaulu na mahali kilipokosa.

Kitabu hicho ni Mji wa Mungu, kazi ya Augustino, askofu wa Hippo. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354. Na Hippo ni mji wa pwani uitwao leo Annaba, katika nchi ya Aljeria. Mwezi wa Agosti mwaka 410 jeshi la Wagothi, likiongozwa na mfalme wao Alaric, liliingia Rumi, likateka nyara muda wa siku tatu. Wakimbizi walivuka bahari wakafika Afrika na habari zao, na wapagani wakasema kwamba msiba umekuja kwa sababu miungu ya zamani imeachwa. Augustino akaanza kuandika yapata mwaka 413, na kazi ikamalizika yapata mwaka 426, vitabu 22 vilipotimia. Sisi twasema hapa juu ya kile cha kwanza tu, maana ndicho kilichoandikwa jeraha likiwa bado bichi.

Katika siku zile za hofu wanawake walishikwa kwa nguvu, hata mabikira waliowekwa wakfu kwa Mungu, na adui za imani wakawafanyia dhihaka. Augustino hakulikwepa jambo hilo. Afundisha kwamba usafi ni fadhila ya roho, na makao yake ni nia. Mwili ukishikwa na mwenye nguvu, nayo nia ikakataa, dhambi ni ya yule aliyetenda, wala si ya aliyetendwa. Atoa na mifano ya kila siku: mganga hutia mkono wake katika mwili wa mgonjwa kwa namna ya kutisha, na mkunga aweza kumdhuru bikira katika kumpima, wala hakuna mwenye akili asemaye kwamba utakatifu wa mwili umepungua. Kisha aigeuza hoja upande wa pili: mwanamke aliyekwisha kata shauri la kumwendea mzinzi ameupoteza usafi wake angali njiani, hata kama hajaguswa na mtu. Hapo ndipo twaonapo nguvu ya kitabu hiki. Hakitoi maneno matamu tu ya kufariji, bali chatoa kipimo kimoja, tena chapima nacho pande zote mbili.

Warumi walikuwa na shujaa wao wa usafi, jina lake Lucretia, ambaye alitendwa jeuri na mwana wa mfalme, naye akajiua kwa kuona aibu. Vizazi vyote vya Rumi vilimsifu. Augustino awauliza waliomsifu, kana kwamba amesimama barazani pa hakimu: ikiwa alikuwa hana hatia, yule aliyeuawa ni mtu asiye na hatia, na ikiwa alikuwa na hatia, sifa hizi zatoka wapi? Asema kwamba Lucretia aliogopa macho ya watu, lakini wanawake Wakristo waliopatwa na mambo yaleyale waliendelea kuishi, kwa kuwa walikuwa na shahidi ndani yao, na Mungu akawa akiwaona.

Lakini yatupasa kunena na kosa lake. Katika kumhoji Lucretia, adhania kwamba huenda moyo wake uliridhia kwa siri. Dhana hiyo haina ushahidi, nayo yamwumiza marehemu asiyeweza kujitetea. Tena, karibu na mwisho, awaambia wale mabikira wajichunguze, wasije wakawa walijivunia usafi wao, na Mungu akaruhusu msiba ili kuwaponya kiburi. Hapo twaona wakili amemshinda mchungaji. Marafiki wa Ayubu walikaa naye mchangani siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno, na kazi yao ilikuwa njema. Waliharibu walipofungua vinywa kueleza sababu. Augustino alikuwa amekwisha kuwapa wanawake wale haki yao. Hakuwa na haja ya kuwatafutia sababu.

Juu ya swali la kwanza, hakuwaahidi waumini kwamba mabaya hayatawapata. Akubali kwamba wema na waovu hupatwa na msiba mmoja, na tofauti imo katika yule apatwaye. Amtaja Paulinus, askofu wa Nola, aliyegawa mali yake kwa hiari. Alipokamatwa na adui aliomba asiteswe kwa ajili ya fedha, kwa kuwa Mungu alijua hazina yake iko wapi. Kwa Augustino, basi, kumtumaini Mungu ni kuweka hazina mahali ambapo mkono wa adui haufiki. Na usafi ni hazina ya namna hiyo.

Mafundisho haya mwandishi mwenyewe alijaribiwa nayo. Wavandali walipoingia Afrika, alimwandikia askofu mmoja kwamba wachungaji wasikimbie maadamu kundi lawahitaji. Naye hakukimbia. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka 430, Hippo ikiwa imezungukwa na jeshi. Rafiki yake Possidius ameandika kwamba katika ugonjwa ule aliagiza zaburi za toba zibandikwe ukutani, apate kuzisoma kitandani huku akilia. Mtu aliyewahimiza wengine kujichunguza, mwishoni alijichunguza mwenyewe.

Mbona twasumbuka na habari za miaka 1600 iliyopita? Kwa sababu katika usharika mmoja tuujuao, binti aliyerudi kutoka mikononi mwa watu wenye silaha aliambiwa asiimbe na wenzake kwanza, mpaka maneno yatulie. Hakuna aliyemtukana, wazee walidhani wanalinda utakatifu wa nyumba ya Mungu. Lakini mama yake aliuliza, "Ameiba nini, hata akae nyuma?" Hakupata jibu. Laiti wazee wale wangalisoma kurasa chache za Augustino, wangalijua kwamba aliyeibiwa haitwi mwizi. Nao wangaliacha zile kurasa zake za kutafuta sababu, wakampa binti nafasi yake katika safu ya waimbaji.

Basi, walimu wenzetu, kitabu hiki kisomwe, na kisomwe kwa macho mawili: moja la shukrani, na moja la kupima. Siku za hofu hazijakwisha duniani. Zitakapofika mlangoni petu, tusiwe watu wa kuhesabu walionajisiwa. Tuwe watu wa kuwafungulia mlango.